Herufi H kwenye ubao wa pini: uchambuzi wa kisa cha piano kongwe ya Mji Mkongwe

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya mafundi wa piano, na kwa ajili ya wanamuziki wanaoitwa kusaidia kwa sababu wana sikio zuri. Unguja piano ni chache na mafundi wake ni wachache zaidi, kwa hiyo kazi hii huangukia mikononi mwa mtu wa kanuni, wa udi au wa gitaa, na mara nyingi anaifanya vizuri. Hapa haikwenda vizuri, na chanzo kilikuwa herufi mbili zilizogongwa kwenye ubao. Majina ya watu, mtaa, jina la kiwanda na namba ya piano nimeviondoa.

Usuli

Piano ni ya kusimama, ya Kijerumani, yenye vibao 85 vya kubonyeza. Za leo zina 88. Nyingi za zamani ziliishia kwenye A ya juu kabisa, hazikufika C. Imewekwa ukumbi wa juu wa nyumba moja ya Mji Mkongwe, upande unaopata upepo wa bahari. Mwenye nyumba, nitakayemwita Bi Mkubwa kama wanavyomwita wanawe, aliirithi kwa baba yake.

Alikuwa na haja mbili. Wajukuu wake walikuwa wanajifunza piano, na mwalimu wao alitaka wafanye mazoezi nyumbani. Pia ilikuwa inakaribia harusi ya kifamilia, na kikundi cha taarab cha jamaa na marafiki kingepiga pale pale ukumbini. Watu walitamani piano iingie kwenye nyimbo chache pamoja na kanuni, fidla, udi na akodiani.

Haja ya tatu ilikuja baadaye, kwa sauti ya chini, chai ilipoletwa. Familia iliamini piano imetoka kasri ya Sultani, kwa sababu ndani ya kifuniko kuna nembo ya rangi ya dhahabu yenye tai na taji. Kuna mtu aliyeahidi kuinunua kwa bei nzuri ikithibitika hivyo.

Yaliyotokea kabla sijaitwa

Familia ilianza na kijana hodari wa kanuni. Hilo halikuwa wazo baya. Kanuni ina nyuzi tatu kwa kila sauti, na piano kuanzia katikati kwenda juu ni hivyo hivyo. Mtu aliyezoea kulinganisha nyuzi tatu mpaka zisikike kama moja tayari ana nusu ya ufundi. Alikuja na programu ya simu inayoonyesha sauti, akatafuta spana inayoingia kwenye pini, vile vyuma vinavyozungushwa kukaza nyuzi, akafungua piano.

Ndani alikuta nondo wamekula felti. Akautoa mtambo wote wa nyundo ausafishe, na huo ulikuwa uamuzi wa kueleweka. Ila mtambo ukishatoka, ukibonyeza kibao hakuna kinachogonga waya. Akaamua kutia sauti kwa kuchuna nyuzi kwa kidole, kama anavyofanya kwenye kanuni, akiongozwa na herufi zilizogongwa kwenye ubao kando ya pini.

Alianza na A zote, akazipandisha hadi kipimo cha leo cha 440, yaani A ya katikati itetemeke mara 440 kwa sekunde. Zikakubali. Akahamia kwenye B zote. Simu ikawa inamwonyesha kwamba kila B iko chini sana, akadhani ni uchakavu wa miaka, akavuta. Waya wa kwanza ulikatika kwa mlio uliowatoa watoto jikoni. Akafikiri ni kutu. Ulipokatika wa tatu, akaacha, akarudisha mtambo mahali pake na kumwomba radhi Bi Mkubwa. Kuacha pale ndiko kulikoiokoa piano.

Hali niliyoikuta

Nilipopiga vibao kimoja kimoja kutoka kushoto, mambo matatu yalijitokeza mapema. Sauti nyingi zilikuwa chini kidogo ya A 435, kipimo cha zamani kilicho chini ya 440, lakini zilipatana zenyewe kwa zenyewe kuliko nilivyotarajia. A zote zilikuwa juu ya wenzao, kali, kama mtu aliyeanza wimbo kwa sauti isiyo ya kikundi. Na katika kila oktava, kibao cheusi cha mwisho na kibao cheupe kinachokifuata vilitoa karibu sauti ileile. Cheusi kilikuwa hata juu kidogo ya cheupe.

Hili la tatu haliwezi kuletwa na uzee. Unyevu hushusha na kupandisha sauti za sehemu nzima, pini iliyolegea hushusha waya wake peke yake, lakini hakuna hali ya hewa inayochagua kibao kimoja katika kila oktava na kukipandisha zaidi ya nusu sauti, ule umbali wa kibao kimoja hadi kinachokifuata. Huo ni mkono wa mtu aliyefuata utaratibu fulani, tena aliufuata kwa uaminifu.

Nikauliza, "Bi Mkubwa, aliyetangulia alifuata nini?"

"Maandishi, mwanangu. Alinionyesha. Kila pini ina jina lake."

Nikawasha tochi, nikaegemea ndani. Herufi ziligongwa kwa mkono kwenye ubao wa pini, ndogo, nyingine zimelala upande, wino wake mweusi umekaa kwenye mashimo ya herufi tu. Nikazisoma kwa mpangilio: A, B, H, C, Cis, D, Dis, E, F, Fis, G, Gis, kisha A tena.

Alama, na namna nilivyozisoma

Kwa Wajerumani, na kwa nchi kadhaa zilizojifunza kwao, B ni ile sauti ambayo sisi na Waingereza tunaiita B flati, kibao cheusi kilicho kabla ya B. B yetu ya kawaida wao wanaiita H. Ndiyo maana jina la Bach linaweza kupigwa kwa sauti nne, B, A, C, H, jambo ambalo mwenyewe alilijua na kulitumia. Fundi akilikumbuka hilo hatasahau tena.

Kijana wa kanuni alizisoma Cis, Dis, Fis na Gis kwa sikio na akili, na alipatia kuwa ni zile nyeusi. B ilionekana haina haja ya kufikiriwa. H haikuwepo kwenye simu yake, akaichukulia kuwa ni alama ya kiwanda na kuziacha nyuzi zake zilivyo. Hivyo B zikavutwa hadi sauti ya H, na H zikabaki na sauti yake. Vibao viwili, sauti moja.

Kwa nini waya ulikatika? Mvuto wa waya hupanda kwa mraba wa sauti yake. Nusu sauti moja ni nyongeza ya mvuto wa asilimia 12 hivi, na kwa kuwa piano ilianzia chini, hizi zilivutwa zaidi ya hapo. Waya mpya huenda ungevumilia. Waya uliokaa na kutu kwenye mzingo wa pini, tena nyumba inayopigwa na chumvi, haukuwa na akiba hiyo.

Kabla ya kugusa chochote nilitaka ushahidi usiotegemea herufi. Nilivuta kibao cha kwanza kushoto. Vibao vyote vimegongwa namba pembeni ya mti wake, 1 hadi 85, na namba haina lugha. Namba 1 ni A ya chini kabisa, kwa hiyo B flati ni namba 2, 14, 26, 38, 50, 62 na 74, na B ya kawaida ni zinazofuatia: 3, 15, 27 na kuendelea. Nikafuata nyundo ya kibao namba 38 mpaka kwenye nyuzi zake, nikapanda na nyuzi hadi kwenye pini. Herufi: B. Nikafanya vivyo hivyo kwa 39. Herufi: H. Baada ya hapo sikuwa na shaka.

Ubavuni mwa kibao hicho namba 1 kulikuwa na mwandiko wa penseli: herufi mbili za kwanza za jina la mtu na "C 517". Bi Mkubwa alikuwa akidhani ni bei. Mafundi wa zamani wengi walipima kwa uma wa sauti, chuma kinachotoa sauti moja kikigongwa, wa C, si wa A, na C ya mitetemo 517 kwa sekunde inaendana na A ya 435. Kipimo cha A 435 kiliwekwa kisheria Ufaransa mwaka 1859 na kukubaliwa kwenye mkutano wa Vienna mwaka 1885. Hiki cha 440 tunachokichukulia kama cha milele kilikubaliwa London mwaka 1939. Kwa hiyo aliyeandika alikuwa anamwachia fundi atakayefuata habari moja muhimu: piano hii niliiacha hapa.

Alama nyingine zilikuwa namba za unene wa waya, zilizogongwa kila sehemu unene unapobadilika: 13½, 14, 14½ na kuendelea. Anayezikuta mara ya kwanza huweza kuzidhania namba za vibao au za oktava. Kwa vipimo vya waya wa Kijerumani vinavyotumika leo, namba 13 ni milimita 0.775 na namba 15 ni 0.875. Hata hivyo watengenezaji wa zamani hawakuwa na kipimo kimoja, kwa hiyo alama ni mwongozo na maikromita, kifaa cha kupima unene, ndiyo hakimu. Nilipima vipande vya waya uliokatika. Viwili vilikubaliana na alama zake. Cha tatu kilikuwa kinene kuliko alama, na kando ya pini yake kulikuwa na msalaba wa chaki uliofifia. Mafundi huweka chaki kama hiyo kwenye waya waliobadilisha, kwa sababu waya mpya hulegea kwa muda na unahitaji kuangaliwa tena. Yaani zamani mtu alibadilisha waya ule akatumia aliokuwa nao mkononi.

Kisha nembo. Neno refu chini ya tai lilikuwa "Hoflieferant": mleta bidhaa wa makasri ya kifalme. Cheo hicho wafalme na watawala wa majimbo ya Ujerumani waliwapa wenye viwanda, na kiwanda kikishapewa kilikibandika kwenye kila piano iliyotoka, hata inayokwenda sebuleni kwa mwalimu wa skuli. Taji lile ni la Ujerumani. Halisemi chochote kuhusu Unguja.

Kwenye papi ya mtambo wa nyundo kulikuwa na herufi D.R.G.M., alama ya usajili mdogo wa uvumbuzi uliowekwa na sheria ya Ujerumani ya mwaka 1891, na mgongoni maneno "Made in Germany", yaliyotokana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 iliyozuia bidhaa za kigeni kujifanya za Kiingereza bila kutaja zilikotoka. Piano basi ni ya baada ya 1891, na cheo cha kasri kinaielekeza kabla ya mwaka 1918, falme hizo zilipoanguka. Namba ya kiwanda ililingana na hesabu hiyo.

Nilitafuta pia skrubu za shaba kwenye maungio. Viwanda vilivyouza nchi za joto vilitengeneza piano maalumu ambazo maungio yake hayategemei gundi peke yake. Hii haikuwa nazo. Ilitengenezwa kwa ajili ya nyumba ya Ulaya, ikaletwa kwenye kaskazi na masika yetu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kushusha kabla ya kupandisha chochote. B flati zote saba zilirudishwa chini siku ileile, hata zile nene za besi zilizozungushiwa shaba, ambazo hazikukatika. A zilishushwa pia. Familia ilishangaa kuona fundi analegeza. Lakini fremu ya chuma ya piano ya namna hii hubeba mvuto wa jumla wa tani 15 au zaidi, na hakuna sababu ya kuacha baadhi ya nyuzi zikivuta kuliko wenzao huku ukisubiri waya uje.

Wa pili, waya. Kwenye piano hii waya mmoja hutoka pini moja, hushuka, huzunguka pini ya chini na kurudi juu kwenye pini ya pili, kwa hiyo waya mmoja ni nyuzi mbili. Sauti ikiwa na nyuzi tatu, wa tatu wake lazima ushirikiane na jirani. Ndiyo maana waya mmoja wa B flati ulipokatika, H ya jirani nayo ilipoteza uzi mmoja, na familia ikadhani kuna waya wa nne uliokatika. Niliagiza waya kwa unene uliogongwa ubaoni, pamoja na ule wa msalaba wa chaki. Pale niliirudia alama ya kiwanda na kuuacha unene wa yule fundi wa kati, kwa kuwa uzi mnene kati ya nyembamba mbili hauwezi kupatana nazo sawasawa katika mlio wote, hata ukiuweka kwenye sauti ileile.

Wa tatu ndio uliojadiliwa sana: 435 au 440?

Mwalimu wa watoto alitaka 440, na alikuwa na haki. Mpiga akodiani alitaka 440 kwa sababu kubwa zaidi: ndimi za akodiani zimekatwa kiwandani, haziwezi kushushwa kwa jioni moja. Kanuni, udi na fidla zingeweza kuifuata piano popote ilipo. Tofauti ya 435 na 440 ni karibu moja ya tano ya nusu sauti. Ukipiga peke yako huioni. Ukiweka akodiani kando yake, meno yanauma.

Nilimweleza Bi Mkubwa mizani ilivyo. Kutoka 435 kwenda 440 ni nyongeza ya mvuto wa asilimia 2.3. Kwa piano ya tani 15 hizo ni zaidi ya kilo 300 zinazowekwa juu ya fremu, waya wa kutu na ubao wa pini ambao baadhi ya pini zake tayari zilikuwa zinazunguka kirahisi mno. Tulikuwa tumeshaona waya tatu zimekwisha. Na fundi aliyekuwa na piano hii ikiwa na afya zaidi aliiacha kwa C 517.

"Sasa wewe ungefanya nini ingekuwa yako?" akauliza.

Nikamwambia ningeiacha 435.

Akanyamaza, akamwita mwanawe, wakazungumza. Wakakubali 435, na akodiani ipumzike kwenye nyimbo zenye piano.

Kazi yenyewe ilikwenda taratibu. Kila pini niliishusha kidogo kwanza, mpaka nikasikia kile kitik kidogo cha kutu kikiachia pale waya unapokanyaga chuma, ndipo nikapandisha. Kijana wa kanuni nilimwomba aje, akaja. Alishika kabari za mpira akizima nyuzi mbili nikitia ya tatu, na sikio lake lilinasa mawimbi ya sauti haraka kuliko langu kwenye oktava za juu.

Wa nne ulihusu unyevu. Tuliweka balbu ya kizamani ya wati 25 chini ndani ya sanduku la piano, mbali na felti na mti, iwake mfululizo ili hewa ya ndani isiwe nzito. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii, hazitoi joto la maana. Piano ilisogezwa kutoka dirishani hadi ukuta wa ndani.

Matokeo

Hakuna waya mwingine uliokatika. Harusini piano ilipigwa na kanuni, udi na fidla, zote zikichukua sauti kutoka kwake, na ilikaa vizuri. Mpiga akodiani alikaa kando kwenye nyimbo hizo, na hakufurahi. Ni mtu mzima aliyepigia harusi za familia ile miaka mingi, na hakuna maelezo ya kiufundi yanayoondoa uzito wa kuambiwa usipige.

Masika yalipoingia, pini moja ya kibao namba 62 ilianza kuteleza na B flati ile ikashuka. Ilibadilishwa kwa pini nene kidogo. Nyingine mbili ziko njiani kufika huko.

Watoto wanaendelea na mazoezi. Mmoja wao, mwenye sikio kali, alimlalamikia mwalimu kwamba piano ya nyumbani na ya skuli haziimbi sawa. Mwalimu alimweleza sababu, akamwonyesha "C 517" kwenye kibao cha kwanza.

Mauzo hayakufanyika. Aliyetaka kununua piano ya Sultani alipopewa tafsiri ya nembo aliondoka.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni kuwa na njia mbili za kufika kwenye waya mmoja. Herufi za ubaoni zilikuwa sahihi kabisa, kwa mtu zilizoandikiwa. Aliyezigonga alikuwa anamsemesha mwenzake wa karakana, si fundi wa Unguja zaidi ya karne moja mbele. Alama yoyote ya piano kongwe ina hali hiyo, kwa hiyo inahitaji kukutanishwa na kitu kisicho na lugha: namba ya kibao, nyundo inayogonga waya gani, maikromita. Kwa herufi za pini hasa, ukiona H popote, B zote za piano hiyo ni B flati. Na hata usipoiona H, kwa kuwa imefutika au imefunikwa na vumbi, kibao chenyewe kinatosha: pini yenye herufi B ikifuatwa ikakufikisha kwenye kibao cheusi, jibu unalo.

Mtambo wa nyundo ulipotolewa, njia hiyo ya pili ilipotea. Hapo ndipo kisa hiki kilipoharibika, kabla hata spana haijashika pini. Ningemshauri yeyote asitie sauti piano asiyoijua huku mtambo uko nje. Ukilazimika kuutoa, funga kitambaa au uweke alama ya chaki kwenye pini za C zote ukiwa bado unaweza kubonyeza kibao na kusikia.

Dalili ya pili ilikuwepo na haikusomwa. Unapokuta sauti nyingi ziko chini kwa kiasi kidogo, na aina moja tu iko chini kwa nusu sauti nzima katika kila oktava, tatizo liko kwenye jina ulilolipa. Simu haiwezi kukuambia hivyo. Simu inakuambia waya uko wapi na herufi unayoitafuta iko wapi. Haijui kama umetafuta herufi iliyo sahihi.

Uamuzi wa 435 naushikilia, lakini ulikuwa na gharama na gharama ililipwa na mtu asiyekuwepo kwenye mazungumzo. Tulijua anataka 440, lakini alipaswa kuitwa tushauriane naye kabla haijaamuliwa. Pengine angependekeza nyimbo nyingine, au akodiani ipigwe mwanzo na piano iingie baadaye. Fundi hupenda kuzungumza na mwenye chombo. Kwenye taarab chombo hakina mwenyewe mmoja.

Mwandiko wa penseli unastahili neno lake. Ulikuwa maneno mawili tu, lakini ndio uliotupa kipimo cha kuanzia. Nami niliandika ubavuni mwa kibao namba 2: mwaka, A 435, waya mpya 50, 62 na 74, na maneno "B ya ubaoni ni B flati, H ni B". Nimeyaandika kwa Kiswahili, kwa penseli laini, kwa kuwa wino hupenya mti na kalamu ngumu huuchana.

Kuhusu nembo na thamani: msimamo wangu ni kwamba fundi aseme alama zinachosema na aishie hapo. Alama za piano hii zinasema Ujerumani, kati ya mwaka 1891 na 1918. Jinsi ilivyofika ukumbini kwa Bi Mkubwa ni historia ya familia, na familia ina haki ya kuisimulia. Kasri haionekani kwenye alama hizo, na ningeidhulumu familia kama ningeiacha iuze hadithi ambayo mnunuzi wa pili angeivunja.

Kuna jambo moja la kisheria ambalo lingewapata hata kama mauzo yangefanyika. Ngozi ya juu ya vibao vyeupe ni pembe ya ndovu. Inatambulika kwa mistari laini isiyo sawa ndani yake, na kwa mshono mwembamba unaokata kila kibao pale sehemu pana ya mbele inapokutana na ile nyembamba ya nyuma, kwa kuwa pembe ilikatwa vipande viwili. Unguja ilikuwa soko kubwa la pembe katika karne ya 19. Nyingi zilipakiwa hapa kwenda Connecticut, Marekani, kwenye miji ya Ivoryton na Deep River, zikachongwa kuwa vibao vya piano. Mji huu umechangia piano za dunia kuliko piano zilizowahi kuletwa humu, na naona ni sawa watoto wanaojifunza juu ya vibao vile walijue hilo, pamoja na wapagazi na watumwa waliozibeba kutoka bara. Ama kwa sheria ya leo, tembo wa Afrika aliwekwa kwenye daraja la juu la ulinzi la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 1989. Piano yenye pembe, hata ya zaidi ya miaka mia, haivuki mpaka bila vibali, na nchi nyingine zinaweza kuikataa kabisa. Mwenye nyumba anayefikiria kumuuzia mgeni aulize vibali kwanza, kabla ya kupokea chochote. Na asikubali mtu kumbandulia pembe zile ili "kurahisisha": vibao vitabaki uchi, na pembe iliyobanduliwa ina matatizo yaleyale ya sheria.

Kazi iliyobaki ni ubao wa pini. Pini mbili zinazolegea zitabadilishwa kabla ya vuli, na zikifuata nyingine za sehemu hiyo, itabidi tuzungumze na Bi Mkubwa juu ya kubadili pini za sehemu nzima, jambo linalogharimu na linalohitaji piano itulie bila kupigwa kwa muda. Mpaka wakati huo inabaki 435.